Chumba cha Pombe cha Tata Mbuyi

Tulimzika Tata Kapend juzi, na mpaka leo miguu inaniuma kwa kusimama. Umri wangu ni wa kukaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na ndivyo nilivyofanya siku zote za kilio, nimeegemea ukuta wa nyumba yake, ambayo katika ua wake nimeishi zaidi ya nusu ya maisha yangu. Wajukuu walileta kreti za bia ya kiwandani, kila mtu akashika chupa yake, vijana wakafungua muziki kwa sauti ya kuumiza kichwa. Nyuma yangu, kwenye dirisha la jiko, wanawake wawili wa ukoo wake waliotoka Lubumbashi walikuwa wanamenya vitunguu, na hawakujua kwamba nawasikia. "Hii nyumba muzee aliipataka bure," alisema mmoja. "Ilikuwa ya Bakasai. Bo balifukuzwa, yee akaingia." Mwenzake akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemenya vitunguu, akajibu, "Ni kila mutu aliingiaka mu moja ya bo." Sikugeuka. Nilikuwa nimechoka mno kugeuka, na maneno hayo si mageni masikioni mwangu. Lakini tangu siku ile sikumbuki kitu kingine ila mwaka niliofika Kolwezi, nikiwa bado msichana, nikapanga chumba kwa watu waliokuwa wanatengeneza pombe bila kuiuza.

Nilikuja kutoka Kisenge, mkoa ule ule, na sanduku la mbao, nikiwa nimepewa darasa la pili katika shule ya mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Zaïre ilikuwa imechakaa wakati ule. Shule zilifungwa muda mrefu kuliko zilivyofunguliwa, na mwalimu aliweza kukaa wiki nyingi bila kushika chaki. Mkuu wa shule alinipeleka kwa Tata Mbuyi, fundi wa mikanda ya kubebea mawe mgodini, ambaye alikuwa na chumba kitupu uani. Nilipoingia tu, pua yangu ilipata harufu ya mkate mbichi, majani yaliyoloa na asali, vyote pamoja. Nikaogopa. Nilifikiri nimeletwa kwenye nyumba ya kupika lutuku, pombe kali ile inayowapofusha watu, na nikajiuliza wazazi wa wanafunzi watasema nini. Mke wake, Mama Ngalula, alinisoma usoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, anayekausha mikono kwenye kitenge chake hata kama haina maji. "Usiogope, Madamu," alisema. "Ni wazimu ya bwana yangu. Hatuuzishake. Anapika, tunakunywa na barafiki, kisha banagombana."

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko, kidogo, kilichojengwa na kampuni kwa ajili ya kuwekea makaa. Tata Mbuyi alikuwa amekipaka chokaa na kuziba dirisha kwa gunia lililoloweshwa, ili ndani kuwe baridi. Kulikuwa na sufuria kubwa za kantini ya zamani, madumu ya plastiki, mitungi miwili ya udongo aliyoinunua kwa Wasanga, na rafu ya chupa za kila aina: za bia, za divai, za dawa ya kikohozi. Mahindi na mtama vililowekwa, vikatandazwa juu ya majani ya migomba mpaka vikachipua, vikaanikwa, vikatwangwa. Unga wa kimea uliingia kwenye uji uliopoa, pamoja na mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ile inayofanya uji mzito ulegee ukawa maji. Siku ya kwanza kinywaji kilikuwa kitamu, cha watoto, na Kapinga, binti yao wa mwisho, aliyekuwa katika darasa langu, alikuja na kikombe chake akanywa mpaka tumbo likawa kama ngoma. Siku zilizofuata kilianza kuwa cha watu wazima. Wanawake wa mtaani walipika vivyo hivyo, wakauza kwenye baraza zao. Tata Mbuyi alichotaka yeye ni kitu kingine. Alitaka pombe ya mahindi ya nyumbani ambayo ukiimimina kwenye glasi utaona kidole chako upande wa pili. Alikuwa ameitafuta miaka mingi, na kila mara ilibaki na ukungu.

Jumapili baada ya misa, karibu na saa ya chakula, tulikaa uani kwenye mikeka. Nasema tulikaa, ingawa Jumapili za mwanzo mimi nilikuwa nimealikwa kula tu: bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu jana yake. Tata Kapend alivuka kutoka nyumba ya jirani, akileta kiti chake mwenyewe kwa sababu ya mgongo. Alikuwa Mlunda wa upande wa Dilolo, mwenyeji wa mkoa, mjane, amefanya kazi na Tata Mbuyi kwenye mashine ya kusaga mawe tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na asali iliyoingia kwenye mitungi ile ilitoka kwa ndugu zake porini. Wakati mwingine alipita Bwana Ramazani, mwenye lori, Mwislamu wa kutoka Kasongo, ambaye ndiye aliyetubebea magunia ya mtama. Yeye hakunywa. Alivuta harufu ya kikombe, akakirudisha, akasema, "Hii ya leo inaniita," na wote wakacheka. Mama Ngalula alimwekea chai.

Kulikuwa na sheria moja. Nilipopewa kikombe changu cha kwanza nilionja, nikasema kwa adabu kwamba ni nzuri. Tata Mbuyi aliweka chini kikombe chake. "Hapana, Madamu. Hapa hatusemake 'muzuri'. Muzuri ni salamu ya barabarani. Sema nini njo ulisikia mu kinywa." Maisha yangu yote nilikuwa nimekula na kunywa bila mtu kuniuliza nimesikia nini. Tata Kapend aliniokoa. Alifumba macho, akazungusha pombe kinywani, akasema, "Hii ni shemeji. Anakuya pole pole, anasalimia batu bote, kisha anakaa mwezi muzima." Mama Ngalula yeye alisema imepungukiwa na moto, uji haukuiva chini. Tata Mbuyi akagusa koo lake: "Inakwama hapa. Kama mukanda yenye jiwe." Wakabishana juu ya jiwe lile mpaka bukari ikapoa. Mimi nilikula, nikaona ajabu kwamba watu waliorudi kila siku na vumbi la mgodi masikioni wanaweza kugombea ladha ya kikombe kimoja kwa uzito kama ule.

Nilijifunza polepole. Jumapili moja wakati wa mvua nilionja, na kabla sijafikiri nikasema, "Mi nasikia kama ukuta, kisha mvua." Wakacheka sana, Kapinga akaanza kuimba "ukuta, ukuta" akizunguka mkeka. Lakini Tata Mbuyi aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na gunia la kimea. Upande uliogusa ukuta ulikuwa umelowa na umeanza kuota kuvu. Alinijazia kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni wa heshima. Huenda jambo hilo ni dogo. Lakini nimefundisha watoto wengi tangu wakati ule, na kila nilipomwambia mtoto asiseme tu kwamba hadithi ni nzuri, aseme amesikia nini, ilikuwa sauti ya Tata Mbuyi inayotoka kinywani mwangu.

Mazungumzo ya uani yalianza kubadilika kabla ya mtu yeyote kukiri kwamba yamebadilika. Kwanza ilikuwa redio: wakubwa walisema mkoa ni wa wenyeji, na wageni warudi kwao. Wageni maana yake walikuwa watu wa Kasai, kama Tata Mbuyi na mkewe, ambao babu zao waliletwa kwa treni kufanya kazi mgodini, na ambao wengi hawajawahi kuiona Kasai hata kwa ndoto. Kisha ikawa sokoni. Mama Ngalula alirudi na kikapu kitupu, akasema mwanamke aliyemuuzia dagaa miaka yote amegeuza uso. Kisha vijana wenye vitambaa vichwani wakaanza kupita mtaani wakiimba, wakiwaita watu hao wadudu. Nakumbuka Jumapili moja tulikuwa tumekaa kama kawaida, wimbo ule ukapita nje ya ua, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Tata Kapend alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishikilia pale mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akakishusha bila kunywa. "Bale ni batoto," alisema. Tata Mbuyi akajibu, "Batoto ba nani?" Hilo halikuwa swali la kuumiza, aliliuliza kwa uchovu, lakini Tata Kapend aliona haya, kwa kuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa mmoja wao. Baada ya hapo tuliongea kuhusu asali.

Kama ungemwuliza Tata Mbuyi wakati ule kwa nini aliendelea kupika, angesema kimea hakingoji siasa. Alikuwa amepata wazo jipya. Angechuja mara ya pili kwa kitambaa cha pamba kilichojazwa makaa yaliyosagwa, angeweka asali kidogo tu ya Dilolo, na angeiacha itulie bila kuguswa katika kona yenye baridi zaidi. Mimi ndiye niliyetwanga makaa. Mikono yangu ikawa myeusi, na Kapinga akaniambia nimekuwa mchawi. Mama Ngalula alitutazama kutoka mlangoni akasema, "Batu banafunga mizigo, bwana yangu anachuja maji." Akamjibu bila kugeuka, "Mi nifunge mizigo niende wapi? Nilizaliwaka hapa, ku hospitali ya kampuni. Baba yangu iko mu udongo ya hapa." Siku ile ile, hata hivyo, nilimwona mke wake anashona mifuko kutoka kwa shuka za zamani, na kwenye kila mfuko alitia chumvi, sabuni na nguo za mtoto.

Walikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Walikuwa vijana wengi, na mbele yao mpwa wa Tata Kapend, akiwa amevaa shati nililolijua kwa sababu mjomba wake ndiye aliyemnunulia. Walikuwa wamekwisha kuvunja madirisha ya nyumba ya kona. Tata Kapend alitoka kwake na kiti chake, akakiweka kwenye lango la Tata Mbuyi, akakaa. Hakuwa na fimbo wala neno. Mpwa wake akamwambia, "Mujomba, toka. Hii haiko mambo yako." Tata Kapend akasema, "Mi nakaa tu." Wakamzunguka. Mmoja alipiga teke mguu wa kiti, mzee akayumba, akakaa tena sawasawa. Sijui ingechukua muda gani, au ingeishia wapi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemshika Kapinga. Aliyemaliza ni Tata Mbuyi mwenyewe. Alitoka ndani amevaa koti lake la misa, akamwekea rafiki yake mkono begani. "Kapend, inuka. Banaweza kukuumiza bure juu ya mabati ya nyumba." Halafu akawaambia wale vijana kwamba watatoka, wapewe tu nafasi ya kufunga magodoro. Yule mpwa alitazama chini. Akakubali.

Bwana Ramazani alileta lori lake. Alikuwa amejaza watu wa mitaa mingine, lakini aliwasogeza, akawapandisha akina Tata Mbuyi kuwapeleka stesheni. Mama Ngalula alikuwa na mifuko yake tayari, na hakulia. Tata Mbuyi alipanda, akashuka tena, akaingia katika kile chumba nyuma ya jiko. Vijana wakaanza kupiga kelele kwamba anaficha kitu. Alipotoka alinijia mimi. "Ile ya kona usiitikise," alisema. "Ingoje mpaka povu ife. Kisha uimimine pole pole, usiguse chini." Nikamwambia, "Ndiyo, Tata." Alinitazama kama mtu aliyesahau kitu kingine cha kusema, kisha akapanda.

Kolwezi nzima ya Wakasai ilikuwa imelazwa kwenye stesheni. Sina maneno mengi ya kuieleza, na nimechoka kujaribu. Watu walikuwa kwenye majukwaa, katikati ya reli, chini ya mabehewa mabovu, wamejenga vibanda kwa milango na makabati yao. Unapita unamwona mkaguzi wa shule amekaa juu ya friji, unapita unamwona muuguzi aliyekuzalisha anachemsha maji ya mto. Treni ya kwenda Kasai haikuja. Walisema itakuja kesho, na kesho yake walisema hivyo hivyo. Tata Kapend na mimi tulikwenda karibu kila siku, yeye akibeba unga, mimi nikibeba maji. Wakati wa kupita barabarani alitemewa mate na watu wa lugha yake. Alijifuta kwa mkono wa shati na kuendelea kutembea.

Povu la pombe ya kona lilikufa. Niliingia chumbani peke yangu, nikaondoa kitambaa, nikainamisha mtungi kama nilivyoambiwa, polepole mpaka mabega yakauma, nikaacha machicha chini. Niliimimina kwanza kwenye glasi, nikaweka kidole nyuma yake. Nilikiona, na ukucha wake, na makaa yaliyobaki chini ya ukucha. Nilikaa juu ya gunia nikalia, si kwa furaha wala si kwa huzuni tu. Kisha nikajaza dumu, nikalifunika kwa kitenge, nikamwita Tata Kapend.

Tuliwakuta wamekaa juu ya godoro, wamejikinga jua kwa pazia la sebuleni. Kapinga alikuwa amelala, ana homa kidogo. Tata Mbuyi alikuwa na ndevu nyeupe ambazo sikujua kwamba anazo. Nilimimina kwenye glasi niliyokuja nayo. Aliinua, akaitazama dhidi ya mwanga, akaigeuza. Watu wa vibanda vya jirani waligeuka kutazama. Nikaanza kuogopa kwamba nimeharibu kitu. "Ngalula," aliita hatimaye. "Tazama." Mke wake akatazama, akasema, "Naona mukono yako." Basi wakanywa. Tata Mbuyi alionja, akazungusha, akameza. Tukangoja. "Iko na asali mbele," alisema. "Kisha mahindi. Kisha…" Akatikisa kichwa. "Kisha hakuna kitu. Inaisha safi." Tata Kapend alipopewa hakusema shemeji wala nini. Alikunywa yote, akarudisha glasi, akajifunika macho kwa kofia yake. Mama Ngalula ndiye aliyelaumu, na ninamshukuru mpaka leo. "Moto ilipungua tena," alisema. "Kila siku nasema, uji haiive chini." Mume wake akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Baada ya hapo alimvuta Tata Kapend karibu. Nilikuwa ninasuuza glasi, nikasikia kila neno. "Mupwa wako anataka nyumba yangu." Tata Kapend alisema anajua. "Ingia weye." "Mi siwezi, Mbuyi. Batu batasema nini?" "Baseme. Mi nataka kulala nikijua nani iko mule." Tata Kapend alikataa, akakataa tena. Alisema ni afadhali ichomwe kuliko yeye kulala kwenye kitanda cha rafiki yake aliye hai. Tata Mbuyi hakugombana. Alimtia ufunguo mfukoni mwa shati, akafunga kifungo cha mfuko kwa vidole vyake, kama unavyomfungia mtoto anayekwenda shule.

Homa ya Kapinga ilikuwa surua. Stesheni ilikuwa imejaa surua. Masista walikuja na dawa, nazo ziliisha kabla hazijafika upande wetu. Nilikaa naye mchana kutwa nikimpepea kwa daftari lake la darasa la pili, na aliniuliza kama shule imefunguliwa. Nikamwambia bado. Alifariki alasiri, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama yake, na kelele za watu zikiendelea kama kawaida pande zote. Wazazi wake hawakuweza kwenda makaburini. Waliojaribu kutoka stesheni walipigwa. Askari waliokuwa pale walisema atakayetoka asitegemee kurudi. Tata Kapend alisema, "Nipe mutoto, mi nitamufikisha." Mama Ngalula alimkatalia mwanzoni. Alimshika binti yake kifuani, kisha yeye mwenyewe akamfunga vizuri katika kitenge chake kizuri, akampa. Tulimbeba kwa zamu, mzee na mimi, hadi makaburi ya ng'ambo ya reli. Fundi mmoja wa Kilunda alitutengenezea sanduku kutoka kwa mlango wa kabati. Tulichimba wenyewe. Tata Kapend alisali kwa Kilunda, nikasali kwa Kiswahili, tukarudi kumwambia mama yake mahali palivyo: mti upi, njia ipi, upande gani jua linazama. Alisikiliza macho yamefumba, akarudia kila kitu kwa sauti, kama mwanafunzi.

Treni ilikuja siku chache baadaye, mabehewa ya wazi ya kubebea madini. Walipakiwa kama yalivyopakiwa madini. Hatukuagana vizuri, maana watu walisukumana, na nilichokiona mwisho ni koti la misa la Tata Mbuyi likipita juu ya vichwa, mtu amelirusha ndani kabla yeye hajapanda. Baadaye Bwana Ramazani, aliyekuwa na ndugu kwenye biashara ya Mwene-Ditu, huko Kasai, alituletea habari kwamba walifika, na baadaye tena kwamba Tata Mbuyi amekufa, hata mwaka haujaisha. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Ramazani alisema hivyo tu: "Alikaa, akakataa kula."

Tata Kapend aliingia katika ile nyumba jioni ya siku treni ilipoondoka, mpwa wake akiwa amesimama langoni na mizigo. Mjomba na mpwa hawakusemeshana tena mpaka kijana yule alipohamia Likasi. Mimi nilibaki chumbani kwangu uani. Kwa muda nilijaribu kupika. Nilifuata kila hatua, nikapata pombe ya kunyweka, nikamimina vikombe viwili, nikamwita mzee. Alikaa mbele ya kikombe chake, akasema ameacha. Nilikunywa changu. Nilijaribu kusema nimesikia nini kinywani, lakini hakukuwa na mtu wa kunibishia, na ladha isiyobishaniwa niliona haina haja ya kutajwa. Nikafua kitambaa cha kuchujia, nikakigeuza kuwa cha jikoni. Nchi ikabadilisha jina, fedha na wakubwa. Watu mtaani walimsalimia Tata Kapend, na alipopita walisema yale yale niliyoyasikia juzi dirishani. Hakuwahi kuwaeleza. Nami aliniomba nisieleze.

Mama Ngalula alirudi mara moja. Miaka mingi ilikuwa imepita, njia zilikuwa zimefunguka. Alikuja kwa basi kupitia Lubumbashi, amekonda, upana wote umeisha, akashuka langoni bila kutuma habari. Tata Kapend alimwona kutoka barazani, akasimama, akabaki hivyo, amesimama tu. Nilimletea mgeni maji. Kabla hajanywa, mzee alikuwa ameingia ndani na kutoka na kila kitu mikononi: ufunguo, karatasi za wakati kampuni ilipowauzia wafanyakazi nyumba, risiti za umeme. "Yote iko hapa, Mama," alisema. "Mi nilikuwa nangojea tu. Leo hii ninaweza kutoka." Mama Ngalula alizitazama zile karatasi kama mtu anayetazama lugha asiyoisoma. "Nyumba?" alisema. "Kapend, mi sikukuya juu ya nyumba. Nipeleke ku mutoto wangu."

Tulikwenda watatu, kwa miguu, tukipumzika njiani. Sikuwa nimefika kule tangu siku ile, na nilidhani tutapotea, kwa kuwa makaburi yalikuwa yameenea na ule mti ulikuwa umekatwa zamani. Tata Kapend hakusita mahali popote. Kaburi lilikuwa limefagiliwa, limezungushiwa mawe, na juu yake kuna msalaba wa chuma wenye jina lililochomelewa vizuri: KAPINGA. Mama Ngalula aliketi chini. Aliweka kiganja juu ya udongo, akaanza kuongea na binti yake kwa Kiluba, kwa sauti ile ya chini, sentensi ndefu za kawaida, kama mtu anayesimulia yaliyotokea sokoni. Tulisimama mbali kidogo. Jua lilipoanza kushuka aliinuka, akajipangusa, akamwambia Tata Kapend, "Aksanti, yaya," kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Njiani kurudi alisema tena, bila kuulizwa, "Kaa mule. Bwana yangu alikupatia, na mi nimekupatia. Mi nimechoka na kuhama."

Alikaa nasi siku chache, akapika, akanilaumu kwamba sombe yangu ina maji, akaondoka na basi la asubuhi. Tulirudi kutoka kituoni. Nilikuwa ninafagia ua Tata Kapend aliponiita. Nilimkuta sebuleni, ameondoa shuka na mto, anajaribu kuinua kitanda chake kidogo cha chuma. Miaka yote ile alikuwa analala pale, kati ya kochi na meza, na mlango wa chumba kikubwa, walicholala Tata Mbuyi na mkewe, umefungwa. "Madamu, nisaidie," alisema. "Nataka kukiingiza mu chumba." Nilishika upande wa miguuni, yeye akashika wa kichwani. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na sisi hatukuwa vijana tena, tukakiweka chini mara kwa mara, tukavuta pumzi, tukakiinua tena, mpaka kikapita mlangoni.